Fundi Cherehani na Kalenda ya Shule: Kampala, 2020–2022

Historia ya maradhi makubwa aghalabu huandikwa kwa kalamu ya mganga na ya mtawala. Mganga huhesabu wagonjwa na maiti. Mtawala huhesabu amri alizotoa na siku zilizodumu. Mtu wa tatu, ambaye hakuugua wala hakutoa amri bali alikaa nyumbani akingojea, ni nadra kupewa ukurasa wake. Katika makala haya tunakusudia kumpa ukurasa mmoja wa watu hao, naye ni fundi cherehani wa sare za shule katika mji wa Kampala na vitongoji vyake. Tutamfuata tangu Machi 2020, Uganda ilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa UVIKO-19, hadi Januari 2022, shule zote zilipofunguliwa tena.

Tumemchagua huyu, wala si mchonga vinyago au msusi wa vikapu, kwa sababu moja. Wenzake hao waliwategemea watalii, na uwanja wa ndege wa Entebbe ulipofungwa kwa abiria tangu Machi hadi mwanzo wa Oktoba 2020, kila mtu aliona dhahiri kwamba kazi yao imesimama. Msiba wa fundi wa sare haukuonekana wazi vile. Yeye hamtegemei mgeni. Hutegemea kengele ya shule. Kalenda yake ni kalenda yetu sisi walimu, na milango ya madarasa ilipofungwa hatukufikiri upesi kwamba yuko mtu mwingine, barazani kwake, aliyefungiwa pamoja nasi.

Yafaa tuseme mapema kwamba fundi tunayemweleza si mtu mmoja mwenye jina. Ni sura ya wengi, tuliyoiunga kwa vipande kama fundi mwenyewe aungavyo mabaki ya vitambaa. Tarehe na amri ni za kumbukumbu za umma. Mwendo wa siku yake ni ule uliokuwa wa kawaida kwa watu wa kazi hiyo.

Nasaba ya kazi hii na shule ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Vazi la kale la Buganda lilikuwa lubugo, nguo ya gome la mti uitwao mutuba, lililopondwa kwa nyundo za mbao hata likalainika. Vitambaa vya pamba vilifika katikati ya karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani, katika enzi ya Kabaka Suuna II, na kwa muda mrefu vilikuwa vitu vya ikulu. Kushona kwa cherehani kulienea zama za ukoloni, hasa mikononi mwa mafundi wa Kihindi na wa Kigoa. Husimuliwa kwamba gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Uganda hata leo, lilianza kama sare: fundi Mgoa aliyeitwa Gomes aliombwa, mwanzoni mwa karne ya 20, awashonee wasichana wa shule ya wamisheni ya Gayaza, iliyoanzishwa mwaka 1905. Vazi likashika jina la fundi. Kwa hiyo fundi anayetajwa kuliko wote katika nchi hii, japo kila amtajaye hajui kuwa anamtaja, alikuwa fundi wa sare.

Lugha nayo imeweka kumbukumbu. Neno letu cherehani lina asili ya Kiajemi, nalo linatokana na jina la gurudumu. Waganda walilipokea wakalivika mavazi yao, likawa ekyalaani, kama walivyolipokea duka wakasema edduuka. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha Kampala hana haja ya kutafuta mbali mifano ya maneno yaliyosafiri. Akipita mtaa wa Kiyembe, ambako vitambaa na mafundi vimekaa pamoja kwa miaka mingi, atayasikia yote kabla hajafika mwisho wa mtaa.

Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, kwa muhula wa siku 90, maduka ya vitambaa na vyerehani vyake yalibadilisha mikono. Mafundi Waafrika, ambao wengi walikuwa wamejifunza kwa kukaa katika baraza za maduka hayohayo, wakabaki na kazi yote. Lakini vitambaa viliadimika. Zama hizo ndizo za magendo, neno jingine la Kiswahili lililopata uraia wa Uganda kwa njia isiyo ya heshima. Twaitaja miaka hiyo kwa sababu yatusaidia kuona jinsi mwaka 2020 ulivyokuwa kinyume chake. Wakati ule wateja walikuwapo na kitambaa hakikuwapo. Fundi aligeuza kola iliyochakaa, akapindua koti ndani nje, akatia kiraka mahali pa kiraka. Upungufu wa aina hiyo fundi anaujua, maana ndio uliomlea. Mwaka 2020 majora yalikuwa yamejaa rafuni, na hapakuwa na mtu wa kupimwa.

Sasa tueleze biashara yenyewe inavyokwenda, maana bila hilo amri za mwaka 2020 hazieleweki vema. Mwaka wa shule nchini Uganda una mihula mitatu, na kwa kawaida muhula wa kwanza huanza mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Fundi wa sare huvuna wakati huo. Katika majuma machache hushona usiku na mchana: kaptula, mashati, magauni yenye marinda, na nembo ya shule kifuani. Mzazi hulipa kianzio, humaliza siku ya kuchukua, au humaliza pole pole katika muhula. Fedha inayopatikana haiwi faida yote. Sehemu kubwa ni mtaji: hurudi dukani kununua kitambaa cha muhula wa pili, ambao huanza Mei, na kuweka akiba kwa miezi mikavu ya katikati ambayo kazi zake ni kubadilisha zipu na kupunguza viuno. Fundi, kwa maneno mengine, ni kama mkulima. Ana msimu na ana mbegu. Mbegu hiyo hailiwi.

Tarehe 18 Machi 2020 Rais Yoweri Museveni alitangaza kwamba shule na vyuo vyote vifungwe kuanzia tarehe 20. Wakati huo hapakuwa na mgonjwa hata mmoja aliyethibitishwa nchini. Wa kwanza alithibitishwa tarehe 21, msafiri aliyetoka Dubai. Wanafunzi wapatao milioni 15 walirudi makwao. Amri nyingine zikafuatana upesi. Tarehe 25 Machi usafiri wa abiria ulisimamishwa, na masoko yakaruhusiwa kuuza chakula tu. Tarehe 30 magari ya watu binafsi yalizuiwa, maduka yasiyo ya chakula yakafungwa, na kafyu ikawekwa tangu saa moja ya jioni hadi saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi. Siku 14 zilizotajwa kwanza ziliongezwa 21, kisha zikaongezwa nyingine.

Hatusemi kwamba amri hizo hazikuwa na sababu. Nchi yenye hospitali chache na vitanda vichache vya wagonjwa mahututi ilikuwa na haki ya kuogopa, na miezi ya kwanza ya ugonjwa haikuleta Uganda vifo vingi kama vilivyoonekana Ulaya. Tunalotaka kulionyesha ni jinsi amri zilivyozigawa kazi za watu. Zilitambua chakula, na wauza chakula wakaruhusiwa kuendelea kwa sharti la kulala sokoni. Wanawake wa masoko ya Kampala walitandika mikeka kando ya meza zao, wakatungika vyandarua, wakawalea watoto kwa simu. Zilitambua pia kiwanda: mwenye kiwanda aliyeweza kuwalaza wafanyakazi wake ndani ya ua aliendelea kufanya kazi. Fundi wa barazani hakuwa chakula wala hakuwa kiwanda. Ana cherehani kimoja au viwili, pengine na mwanafunzi wa kazi, na mahali pake pa kazi ni futi chache za saruji mbele ya duka la mtu mwingine. Katika jedwali la amri hakuwa na safu.

Hata hivyo ilikuwako njia ndogo. Cherehani kinaweza kubebwa. Pikipiki, ambazo Waganda huziita bodaboda, zilikatazwa kubeba abiria lakini ziliruhusiwa kubeba mizigo katika saa za mchana. Hivyo katika siku za mwisho za Machi vyerehani vingi vilihama, kichwa kimefungwa kwa kanga, meza na miguu yake ya chuma vikifuata kwa safari ya pili. Fundi ambaye chombo chake kilibaki ndani ya jengo la biashara lililofungwa alikuwa na bahati mbaya kuliko wote. Majengo yale yenye vibanda vingi, yaliyo nguzo ya biashara ya katikati ya Kampala, hayakufunguliwa hadi tarehe 27 Julai 2020. Miezi minne cherehani kilikaa gizani, na kodi ya kibanda iliendelea kuhesabiwa.

Basi tumtazame aliyefanikiwa kuhamisha. Nyumba yake ni chumba kimoja, au viwili, katika vitongoji kama Bwaise, Katwe au Kawempe. Cherehani kimewekwa karibu na mlango ili kipate mwanga, maana umeme ni wa kulipia kabla, na fedha ya umeme sasa inashindana na fedha ya mkaa. Kitanda kimekuwa meza ya kukatia. Watoto, ambao siku za kawaida wangekuwa shuleni hadi jioni, wamo ndani. Mmoja anasikiliza masomo ya redioni, mwingine anakanyaga ubao wa cherehani kwa mchezo mpaka uzi unakatika. Asubuhi fundi hupitia daftari lake la vipimo. Humo mna majina ya watoto, viuno, mabega, urefu wa mikono, na pembeni deni la mzazi. Alfajiri ya kila siku anaweza kumpigia simu mdaiwa mmoja au wawili. Lakini mdaiwa wake ni kondakta wa basi ambaye basi lake limeegeshwa, au ni mwalimu wa shule ya binafsi ambaye mshahara wake ulikoma pamoja na ada. Simu hizo ziliisha kwa kupeana pole.

Kazi iliyokuja ilikuwa ya kuchana na kuziba. Jirani huleta suruali iliyopasuka, na hulipa kwa ndizi, kwa kibaba cha maharage, au kwa ahadi. Fundi hapendi kazi za bure lakini hapendi zaidi mikono mitupu. Saa sita mchana jua likiingia mlangoni huhamisha kiti nyuma. Saa kumi na moja huanza kusikiliza njia, kwa sababu mtu atakayekutwa nje baada ya saa moja ya jioni ana hesabu ya kutoa.

Hapa tunaomba wasomaji waturuhusu neno la kando linalowahusu walimu wa lugha. Jeshi la Uganda hutumia Kiswahili, na vizuizini mtu aliulizwa kwa Kiswahili atokako na aendako. Katika wiki ya mwisho ya Machi 2020 wachuuzi, wakiwamo wanawake, walichapwa viboko katikati ya Kampala na askari wa ulinzi wa mitaa, na wakuu wa jeshi waliomba radhi hadharani. Sisi tunaokifundisha Kiswahili nchini Uganda twajua vema malalamiko ya zamani kwamba lugha hii imesikika mno katika amri na kidogo mno katika mazungumzo. Fundi aliyerudi na jora la kitambaa begani baada ya saa za ruhusa aliisikia namna ile ile baba yake alivyoisikia. Ni deni ambalo Katiba, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, haiwezi peke yake kulilipa.

Tarehe 4 Aprili serikali ilianza kugawa chakula katika Kampala na wilaya ya Wakiso inayoizunguka, kwa watu wapatao milioni 1.5 waliohesabiwa kuwa wameathirika: kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa kila mtu. Mgao ulianzia Bwaise. Chakula hicho kilikuwa msaada wa kweli na hatuna haja ya kukibeza. Ila kilimkuta fundi akiwa ameshaanza kula mbegu. Fedha ya kitambaa cha muhula wa Mei ilikuwa inatoka, noti moja moja, kwa mafuta, chumvi, sabuni na dawa ya mtoto. Mtaji wa fundi mdogo hauko benki ili ulindwe na masharti. Umo katika mfuko wa shati au katika simu, na tumbo linaujua ulipo. Kufikia Mei muhula wa pili haukufunguliwa, na ukipenda unaweza kusema hiyo ilikuwa nafuu ya uchungu, kwa kuwa kama ungefunguliwa asingekuwa na kitambaa cha kushonea.

Ndipo ikaja barakoa.

Neno hili ni la kale katika Kiswahili. Wanawake wa jamaa za kifalme za Zanzibar katika karne ya 19 walivaa barakoa, kifuniko cha uso cha hariri, kama walivyovaa na wanavyovaa bado baadhi ya wanawake wa Oman na nchi za Ghuba. Vizazi viwili vya wanafunzi wa bara walilijua kwa kamusi tu, kama walijua. Mwaka 2020 lilifufuka na kuingia katika kila tangazo la afya la Kiswahili, likiwa limebadilisha jinsia, tabaka na kitambaa. Waganda walikuwa na lao, akakookolo. Jina lo lote litumikalo, kitu chenyewe ni vipande viwili vya pamba, marinda matatu na lastiki mbili, na hakuna fundi wa sare asiyeweza kukishona akiwa amefumba macho.

Tarehe 4 Mei Rais alitangaza kwamba kila mtu atokaye nje avae barakoa. Siku hiyohiyo maduka ya jumla, maduka ya vifaa vya ujenzi, na karakana za chuma na za mbao zikaruhusiwa kufunguliwa. Baadaye mwezi huo serikali iliahidi kugawa barakoa za kitambaa bure kwa kila mkazi mwenye umri wa miaka 6 na zaidi. Zabuni za kugawa nchi nzima hazikumfikia fundi wa barazani; hizo zilikwenda kwa viwanda. Lakini ahadi ya serikali ilihitaji muda, na amri ya kuvaa haikungoja. Pengo lililokuwa kati ya amri na ahadi ndilo lililomlisha fundi kwa majuma kadhaa.

Tunaliona hili kuwa kiini cha habari yote. Mtu aliyekuwa hana safu katika jedwali alijikuta ghafla akishona kitu ambacho bila hicho hakuna aliyeruhusiwa kwenda sokoni. Mabaki ya sare yaliyojaa guniani chini ya kitanda yalitoka: samawati ya shule hii, kijani ya shule ile, zambarau ya nyingine. Yeyote aliyepita vitongoji vya Kampala Juni 2020 akiwa na jicho la mwalimu angeweza kuzitambua shule kwenye nyuso za watu, kinyozi amevaa shule ya msingi na muuza nyanya amevaa sekondari. Mteja hakupimwa, hilo lilikuwa ajabu kwa fundi, maana maisha yake yote ni futi na kiuno. Lastiki iliadimika na kupanda bei, kama ilivyotokea katika nchi nyingi mwaka ule, na mafundi wakakata mikanda ya fulana nyembamba kuwa kamba za masikioni. Malori ya mizigo kutoka Mombasa yalipanga foleni ndefu mpakani Malaba, madereva wakingoja kupimwa, na kila siku ya foleni ilionekana katika bei ya uzi mjini Kampala.

Msimu huu haukudumu. Kila mwenye cherehani alishona barakoa, na wasio na cherehani wakaziuza. Za viwandani zikaja kwa dazani. Bei ikashuka hata haikulipa uzi. Lakini wapo waliokomboa kwa barakoa cherehani walichokuwa wameweka rehani, na hilo si dogo. Fundi akiuza mkasi atanunua mwingine. Akiuza cherehani, mara nyingi ameacha kazi, kwa sababu fedha ya cherehani haikusanyiki mara ya pili kwa mtu asiye na cherehani.

Majengo ya biashara yalipofunguliwa mwisho wa Julai 2020, na kafyu kusogezwa hadi saa tatu ya usiku, wengi walisema dhiki imekwisha. Kwa kinyozi na kwa muuza simu ilikuwa imepungua kweli. Kwa fundi wa sare haikuwa hivyo. Oktoba 2020 walirudi wanafunzi wa madarasa ya mitihani peke yao, na mtoto wa darasa la mwisho ni mteja hafifu: wazazi hawashoni sare mpya ya miezi michache. Madarasa mengine yakaanza kurudi kwa zamu mwaka 2021. Fundi akakopa, akanunua jora moja kwa tahadhari. Tarehe 6 Juni 2021, wimbi la pili lilipopamba moto, shule zikafungwa tena, na tarehe 18 nchi nzima ikafungwa kwa siku 42. Wimbi hilo, tofauti na la kwanza, liliingia majumbani. Watu walizika watu wao. Mnamo Julai serikali ilituma shilingi 100,000 kwa simu kwa watu wapatao 501,000 walioorodheshwa kuwa wanyonge wa mijini. Ugumu wa orodha za namna hiyo ni uleule wa amri za mwanzo: lazima kwanza mtu awe na jina la kazi linalotambuliwa na anayeandika orodha.

Katika miezi hiyo mkutano wa mwalimu na fundi, tuliotaja mwanzoni, ulikuwa wa ana kwa ana. Walimu wa shule za binafsi, wasio na mshahara, walitafuta kazi: waliofyatua matofali, waliouza chakula kando ya barabara, walioendesha bodaboda. Wengine waliomba kufundishwa cherehani. Inachekesha kidogo, na inauma, kumfikiria mwalimu wa jiografia akifundishwa kuvisha uzi sindano na mtu ambaye mwaka uliopita alimdai fedha ya sare ya mwanawe. Mafundi waliwapokea, katika kazi hii mwanafunzi hupimwa kwa mshono wake ulionyoka, na cheti chake hakiulizwi. Wengine kati ya walimu hao hawakurudi darasani. Si wote waliohesabu hilo kuwa hasara, na sisi tulio katika chama cha walimu tungefanya vema kuwauliza sababu kabla ya kuwasikitikia.

Shule zilifunguliwa zote tarehe 10 Januari 2022, baada ya zaidi ya majuma 80 ya kufungwa kote au nusu, muda mrefu kuliko katika nchi nyingine yo yote duniani. Mamlaka ya Mipango ya Taifa ilikuwa imekadiria mwaka 2021 kwamba asilimia 30 ya wanafunzi huenda wasirudi. Kwa hesabu za kawaida Januari hiyo ingekuwa mavuno yasiyo na mfano. Mtoto aliyekuwa na miaka 9 shule zilipofungwa alikuwa na 11. Hapana shati la Machi 2020 lililoweza kufungwa vifungo Januari 2022. Wateja walikuja kwa wingi. Walikuja na nguo zilezile.

Fundi aliulizwa kushusha pindo, na pindo lilikuwa limeshashushwa na mama nyumbani. Aliulizwa kuongeza kiuno, akaongeza kwa kipande cha rangi iliyokaribia. Aliunganisha mashati mawili ya ndugu yakawa moja la kaka mkubwa. Alirefusha magauni kwa mkanda wa kitambaa kingine chini, na wakuu wengine wa shule, kwa hekima tunayoisifu, wakaagiza kwamba mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya sare. Ujuzi wa miaka ya magendo ulirudi mikononi mwa watu ambao wengine hawakuwa wamezaliwa zama hizo. Majora mapya yalibaki mengi dukani: mzazi hakuwa na fedha ya kitambaa, na fundi hakuwa na mtaji wa kukikopesha.

Na lilibaki daftari. Mwishoni mwa Januari fundi huwa na desturi ya kupita ukurasa kwa ukurasa, akipiga mstari juu ya kila jina lililokwisha kuchukua nguo yake. Mwaka huo kurasa za Februari na Machi 2020 zilikuwa na majina ambayo hayakupigwa mstari: sare zilizoshonwa, zikalipiwa kianzio, zikakunjwa na kutundikwa, na wenyewe hawakutokea. Wengine walikuwa wamehamia vijijini. Wengine walikuwa wasichana ambao sasa walikuwa na watoto wao. Wengine walikwisha zoea kazi na hawakuona sababu ya kuacha kipato ili warudi darasa la 5. Nguo zao zilikuwa bado mpya, chaki ya kupimia ikionekana kwenye pindo. Fundi alizishusha ukutani, akaanza kuzifumua mshono mmoja mmoja ili apate kitambaa cha watoto waliorudi.